Mvinyo wa Bwana na Ulimi wa Mtani

Kazi nyingi zimepita mikononi mwangu, lakini ile watu waliyoicheka kuliko zote ni ya kumchagulia mzungu mvinyo. Nilikuwa boi wa mezani Nachingwea, miaka ile wazungu walipokuja na matrekta yao kulima karanga, na kila bwana wangu aliporudi kutoka porini, mimi ndiye niliyeamua anywe chupa gani. Mimi mwenyewe sijawahi kuonja mvinyo, hata tone la kulowesha ulimi. Nalisema hili mapema, na anayetaka kucheka acheke sasa hivi amalize, maana nimechoka kuchekwa katikati ya maneno.

Bwana alikuwa mpimaji wa mashamba, mwembamba, mwenye magoti makubwa, hana mke wala mtoto upande huu wa bahari. Siku za kazi alishinda juani akipima ardhi. Siku ya mapumziko, badala ya kulala kama watu wengine, alichukua bunduki na chupa ya maji akaenda kutafuta taabu nyingine. Mara yuko Nambilanje, anafuata nyati kwenye vichaka vya mto Mbwemkuru. Mara anapanda majabali ya upande wa Ruangwa, eti aone kule ng'ambo kukoje. Alirudi jua linashuka, shingo nyekundu, soksi zimejaa vishona-nguo, na ana furaha ambayo mpaka leo sijaielewa. Anaoga maji ya moto kwenye karai kubwa, anakaa barazani miguu wazi, kisha ananiita.

"Chagua wewe," anasema. "Mimi leo nimechoka, sitaki kufikiri."

Kuchagua hakukuwa jambo dogo. Chupa zililetwa kwa treni, zimepangwa ndani ya masanduku ya mbao yenye majani makavu, na zile za kwanza ziliharibika zote kwa joto zikawa siki. Bwana akatuamuru tuchimbe shimo ndani ya stoo, tukatandika mchanga na kufunika magunia ambayo niliyalowanisha kila asubuhi. Majina yake sikuweza kuyasoma, hayakuwa ya Kiswahili wala ya Kiingereza, kwa hiyo tulizipa majina ya picha zake. Kulikuwa na ya Ngome, ya Jogoo na ya Mtawa. Huyo mtawa alikuwa mzee mnene wa kanisani, amejifunga kamba kiunoni, anacheka peke yake.

Nasema tulizipa kwa sababu tulikuwa wawili. Mwenzangu alikuwa mpishi, Mngoni kutoka Songea, Mwislamu kama mimi, na mtani wangu. Asiyejua mambo ya kwetu lazima nimweleze kidogo hapa. Zamani za mababu Wangoni walikuja kutuvamia sisi Wamwera, wakachukua watu, wakachukua mbuzi, na vita vilipokwisha kikabaki utani. Mngoni ananiita mtumwa wake, mimi namwita mwizi wa mbuzi, na hakuna anayeruhusiwa kununa. Tena mtani akikutupia neno, hulikatai. Unalipokea na kuliongeza. Akikuita mwizi unasema ndiyo, na hiyo shuka aliyojifunga mama yako jana usiku niliiona, leo naifuata. Ukianza kujitetea umeharibu, watu watakuona mtu usiyejua kuishi.

Huyu mpishi nilimpenda. Siwezi kulizunguka hilo. Mama yangu alipofariki kijijini Naipingo, yeye aliomba ruhusa kwa bwana, akatembea nami njia nzima. Tulipofika makaburini, kabla maiti haijashushwa, akaruka ndani ya kaburi akajilaza chali. Akasema hatoki mpaka apewe jogoo, maana kaburi lile yeye ndiye aliyelichimba na mtumwa wake anataka kuliingia bure. Watu waliokuwa wanalia wakacheka huku machozi yanatiririka. Mimi pia nilicheka, na ndipo pumzi iliponirudia kifuani, kwani tangu alfajiri ilikuwa imekwama. Alipewa jogoo wake. Tangu siku hiyo nilimhesabu kuwa ndugu.

Sasa, kazi ya mvinyo tuliifanya hivi. Bilauri ziliporudi jikoni zina masalio, mimi niliziweka kwenye beseni, yeye anazitoa kwenye beseni. Alikuwa anakunywa. Nilijua, nikanyamaza, kwa kuwa ni mtani wangu na kwa kuwa mpishi ana tabia ya kuonja kila kitu hata kisichomhusu. Akishameza anatafuna iliki, anapangusa mdomo, kisha ananieleza.

"Hii ya Ngome inakaza ulimi," ananiambia. "Umewahi kula bibo bichi? Basi ndivyo hivyo. Mdomo mzima unajikunja."

"Na ya Jogoo?"

"Ya Jogoo ina uchachu wa ukwaju. Ikipoa inateremka yenyewe. Lakini ya Mtawa, mtani wangu, hiyo usiulize. Ni asali iliyokaa karibu na moshi."

Mimi nikawa nayaweka maneno yake kichwani, nikayaoanisha na siku ya bwana ilivyokuwa. Nilimtazama anavyoshuka garini. Akishuka anavuta miguu, midomo imepasuka kwa jua, huwezi kumpelekea kitu cha kukaza ulimi. Huyo unampa ya Jogoo, imeshinda ndani ya gunia bichi. Akiwa amepiga nyati na jikoni kuna nyama nyekundu inayochuruzika mafuta makaani, hapo ya Ngome inapata kazi yake. Siku aliyotembea kutwa nzima asipate hata kanga wa kuchemsha supu, amekaa kimya anatazama buti zake, nilimpelekea ya Mtawa katika bilauri ndogo, bila kuulizwa. Alikunywa polepole na baada ya muda akaanza kunisimulia nyayo alizoziona.

Tulikosea pia. Siku moja bwana alikwenda kuvua kambare, akarudi na mgeni wake, tukawapa samaki na ya Mtawa. Mgeni alionja akakunja uso, akaisogeza bilauri mpaka ukingoni mwa meza. Bwana akacheka, lakini mimi nilirudi jikoni masikio yanawaka, nikamtukana mpishi matusi yote ya mababu zangu. Akajibu kwamba mtumwa asiyejua kunywa ana haki gani ya kumlaumu anayejua. Tukacheka wote.

Bwana alikuwa na mdomo mwepesi. Kila mgeni aliyefika aliambiwa kwamba boi wake anajua kumchagulia mvinyo wa kumpumzisha. Wageni walikuja na maboi wao na madereva wao, na habari ikatembea mpaka sokoni. Nikipita watu wananiuliza leo tunywe ipi. Nilijisikia fahari, sioni haya kusema. Nilikuwa kijana, na hakuna kitu kingine ambacho watu walinijua kwacho.

Karibu na soko palikuwa na mwalimu wa chuo cha Kurani, mtu wa Kilwa, aliyehamia kwetu kufundisha watoto wa watu waliofuata kazi za karanga. Alikuwa na binti. Nilimwona kwanza akimwaga maji ya kuoshea vyombo nyuma ya ua wa makuti, nami nimebeba kuku wa bwana kichwa chini. Nilipita njia ile tena na tena mpaka kuku wa mwalimu wakanijua. Siku moja alinisemesha kutoka ndani ya ua.

"Wewe ndiye wa mvinyo? Unanukaje?"

"Kama mabibo yaliyosahauliwa chini ya mkorosho," nikamjibu.

Akacheka, nami nikaenda zangu nikijua kwamba nimekwisha.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuja kutoka Mtua kupeleka maneno ya posa, kwa kuwa kwetu mjomba ndiye mwenye kijana. Mwalimu hakukataa. Aliniita peke yangu, akanikalisha mkekani.

"Kijana," akasema, "hata kukibeba kitu kile ni makosa, nawe unajua. Lakini najua kazi ya mzungu haina kuchagua, na siku moja utaiacha. Jambo langu ni moja. Kama kimepita mdomoni mwako, binti yangu humpati. Kama hakijapita, nitatazama."

Nikamwambia hakijapita. Akanitazama sana, akasema atafikiri, atatoa jibu mbele ya wazee baada ya mavuno. Basi yote yalisimama hapo. Mdomo wangu ulikuwa safi, na nilichotakiwa ni kungoja tu.

Wakati wa kungoja, mchumba hafiki mikono mitupu. Nilipeleka sukari, mafuta ya taa, mara nyingine paja la swala aliyechinjwa vizuri. Lakini saa ambazo mwalimu alikuwa nyumbani, mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti cha bwana na kitambaa mkononi. Mpishi alikuwa na nafasi baada ya kupika. Nikamtuma yeye. Alikwenda kwa furaha, akarudi na salamu, akaniambia mwalimu ni mtu mzuri, mcheshi ukimzoea. Mimi sikuwahi kumwona mwalimu akicheka. Tena mwalimu mwenyewe aliwahi kuniambia, "Yule rafiki yako ana adabu. Na siku zote ananukia iliki." Nikafurahi kwa niaba yake.

Siku ya jibu tulikwenda mjomba wangu, wazee wawili wa ukoo, na mpishi. Hakuna aliyeona ajabu mtani kuwapo, kwa sababu mtani ana nafasi yake katika mambo ya ndoa, kuchokoza na kuzuia mlango. Tulikaa barazani kwa mwalimu. Nyuma ya pazia la mlango wanawake walikuwa wanachambua mchele. Mjomba alisema maneno yake ya heshima, Kiswahili chake cha shamba kikijikwaa hapa na pale, mwalimu akasikiliza. Mwalimu akashusha pumzi, karibu aseme. Hapo mpishi akapiga kofi moja.

"Mwalimu, ngoja kwanza," akasema. "Unampa binti mlevi? Huyu huionja kila chupa kabla hajaipeleka kwa mzungu. Angejuaje iliyo tamu? Muulize mwenyewe, yuko hapa."

Mjomba wangu alishaanza kutabasamu. Wazee walinigeukia wakingoja jibu langu, kama watu wanavyongoja mchezaji mwingine aingie uwanjani. Nami nikaingia.

"Nisipoonja mimi nani ataonja?" nikasema. "Nikimwachia Mngoni huyu atakunywa na chupa yenyewe. Ndiyo, naonja. Asubuhi nasukutulia mdomo, jioni naogea. Hata hapa nilipo, mkinitikisa mtasikia sauti ya maji."

Wazee wakacheka mpaka mmoja akashika mbavu. Mjomba akanipiga begani. Nilijibu vizuri, na nilijua nimejibu vizuri, hata nikamtazama mpishi nione kama atapata la kuongeza. Hakuongeza. Alikuwa ameinamisha kichwa, anachezea ukingo wa mkeka.

Mwalimu alikuwa hacheki. Nilidhani ni heshima ya mtu wa dini. Akasema tu, "Nimesikia. Jibu mtalipata," akainuka. Nyuma ya pazia sauti ya ungo ilikuwa imekoma.

Jibu lilimfikia mjomba kupitia mtu mwingine, na lilikuwa hapana. Mjomba hakuelewa, nami sikuelewa. Nilikwenda kwa mwalimu mwenyewe, nikamkuta anawatengenezea watoto kalamu za matete. Nikamwambia kwamba yale yalikuwa utani, Mmwera na Mngoni husemana hivyo, hata msibani.

Hakuacha kuchonga tete.

"Aliniambia utakuja kusema hivyo," akajibu.

Nikamuuliza nani.

"Rafiki yako. Maneno ya sokoni yalinifikia, nikamuuliza yeye kwa faragha, nikamwapisha kwa Mungu. Akasema hawezi kumsema rafiki yake nyuma ya mgongo. Akasema, nitamuuliza mbele yako na mbele ya wazee wake, wewe sikiliza kwa masikio yako kama atakana. Nikasikiliza. Hukukana hata neno moja. Uliongeza." Akapuliza unga wa tete. "Mimi ni mtu wa pwani. Mtu akisema jambo mbele ya wazee wake nalichukua kama lilivyo."

Nilikuwa na hasira, lakini ilikuwa haijajua pa kwenda. Mpishi yule alijua kwamba mwalimu si mtani wa yeyote pale barazani. Alijua kwamba mimi, kwa malezi yangu yote, sina njia ya kumjibu mtani isipokuwa ile. Alinichezesha ngoma ya kwetu mbele ya mtu asiyejua kwamba ni ngoma.

Nilimkuta jikoni ananyonyoa kanga ambao bwana aliwapiga kule Nambilanje. Manyoya yalikuwa yamejaa kwenye karai. Nikamwambia aende kwa mwalimu sasa hivi, aseme kweli.

"Mtani, umekasirika?" akasema. "Mtani hakasiriki."

"Leo mimi si mtani wako. Nenda kamwambie nani anaonja."

"Nimwambie mimi ndiye? Unataka anione mlevi?" Alizungumza kwa upole, vidole vyake vinaendelea kung'oa. "Kamwambie wewe. Simama mbele ya wazee wako, sema Mngoni ndiye mnywaji. Halafu uone."

Aliinua macho akatabasamu kidogo tu, na hapo nikaelewa nilivyofungwa. Neno lolote baya nitakalolisema juu yake, mbele ya Mmwera yeyote, ni utani. Watacheka na kungoja ajibu. Nilimwendea mjomba Mtua kumweleza, na kabla sijamaliza alishaanza kutikisika mabega. Nilipomwambia sitanii, akaacha kucheka, akanitazama kwa huruma.

"Mwanangu, binti wamekunyima, basi," akasema. "Usimsingizie ntani wako. Yule alilala kaburini kwa dada yangu."

Hilo ndilo lililoniuma kuliko lile la kwanza. Kaburi la mama yangu lilikuwa limegeuka kuwa shahidi wake.

Tuliendelea kufanya kazi nyumba moja. Nilipokea sahani kutoka mikononi mwake bila kumtazama. Bwana aliporudi porini na kusema chagua wewe, nilichagua kwa maneno ya zamani niliyoyaweka kichwani, maana mapya sikuyataka. Siku moja bwana alikuwa anaoga, nami nimeshazibua ya Ngome kwa kizibuo, nimesimama nayo stoo. Nikajiuliza ninaitunzia nini tena hiyo midomo. Hukumu imeshapita, binti nimeshamkosa, kilichobaki ni kosa lenyewe tu, na liko hapa mkononi, lina harufu ya mabibo. Nililisogeza mpaka karibu. Halafu nikaona kwamba nikinywa, basi yule atakuwa amesema kweli, na sikuwa tayari kumpa na hiyo. Nikapeleka chupa barazani.

Mavuno mengine yalipita. Karanga za wazungu zilikuwa zinakataa, matrekta mengine yamesimama yanaota kutu, na bwana alianza kuzungumza habari za kwao. Jioni moja alikuwa ametoka kupanda majabali, amechoka lakini amechangamka, akaniambia, "Mpishi anaoa. Unajua? Anaoa binti wa mwalimu." Kiswahili chake kilikuwa cha kuungaunga, lakini hilo alilisema sawasawa. "Wewe ni rafiki yake. Shuka stoo, umchagulie chupa moja nzuri. Zawadi yangu ya harusi."

Nilishuka. Nilipiga magoti kwenye mchanga ule uliolowana na kutazama chupa zote. Sikuhitaji kufikiri sana. Nilichukua ya Mtawa.

Mjomba alisema lazima twende harusini, kwa sababu harusi ya mtani haifanywi bila watani. Nilivaa kanzu, nikaifunga chupa ndani ya kipande cha shuka. Ua wa mwalimu ulikuwa umejaa. Bwana harusi ameketi kwenye mkeka mpya, kanzu nyeupe, kofia ya kushonwa kwa mkono, na nilipokaribia nikanusa iliki. Mwalimu alikuwa kando yake. Watu waliponiona wakaanza kuguna kwa furaha, wakijua mtani amefika na hatanyamaza.

Sikunyamaza. Nilisimama katikati ya ua, nikafungua shuka, nikainua chupa kila mtu aione.

"Huyu bwana harusi ni mnywaji," nikasema. "Ndiye aliyekuwa anaonja mvinyo wa mzungu, kila bilauri iliyorudi jikoni. Mimi nilichagua kwa ulimi wake. Hiyo iliki anaitafuna kuficha harufu. Aliniharibia jina langu mbele ya mwalimu huyu ili amwoe binti huyu. Hii hapa ndiyo anayoipenda kuliko zote. Mwalimu, muulize, yuko hapa."

Sikuwahi kusema kweli iliyonyooka hivyo maishani. Sauti ilikuwa inanitetemeka, na machozi yalikuwa karibu.

Ua mzima ulilipuka kwa kicheko. Watu waliangukiana. Mzee mmoja alipiga kelele kwamba huo sasa ndio utani, siku hizi vijana hawajui kutania namna hii, tazama hata anajiliza. Mwalimu aliitazama chupa, uso ukaanza kukaza, na kwa muda mfupi nilimwona anafikiri. Lakini mjomba wangu akamwinamia.

"Ni chai ya rangi hiyo, mwalimu," akasema huku anajifuta macho. "Hawa watani. Siku ile ulikuwa bado mgeni, hukujua. Ndiyo desturi yetu."

Mwalimu akaangalia wazee wote waliokuwa wanacheka, akanitazama mimi, na uso ukalegea. Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kuyaona meno yake. Niliposema uongo aliniamini, na niliposema kweli alinicheka, kwa sababu sasa alikuwa amejifunza kuishi na sisi.

Ndani ya nyumba wanawake nao walikuwa wanacheka na kupiga vigelegele. Nilitega sikio nisikie kicheko kimoja kati ya vile, kile cha nyuma ya ua wa makuti. Sikukisikia, na sijui kama ni kwa sababu hakikuwapo au kwa sababu kilichanganyika na vingine.

Bwana harusi aliinuka. Ndivyo inavyotakiwa, mtani akileta zawadi ya matusi unaipokea. Akaishika chupa kwa mikono miwili, akawaambia watu ataimwaga mwenyewe, wakacheka tena. Kisha akanikumbatia, mdomo wake ukafika kwenye sikio langu.

"Umechagua vizuri," akaninong'oneza.

Akarudi kuketi na kuiweka chupa nyuma yake, chini ya mto. Mimi nikaletewa sahani ya pilau iliyojaa, yenye paja la kuku juu, haki ya mtani. Watu wote walikuwa wananitazama kwa mapenzi, wananingoja nile. Nikakaa chini nikala.